Utepe ya Chupa Ingali Bluu

Tonton Deo,

Ni mi, Fiston, mutoto ya dada yako, yule uliita "profesa bila viatu." Usicheke. Tangu homa ikuchukue, mi ndiye mukubwa ya gesi Gisenyi nzima. Hakuna mwingine anajua kusoma ile gesi inayotoka udongoni. Na ndiyo maana naogopa, Tonton. Hakuna mwingine.

Unakumbuka tulivyopika ile plastiki nyuma ya nyumba, Mbugangari? We unakoroga gundi na rangi, unaniambia chembe zinashikana mikono, zinakuwa munyororo, na hesabu yako inasema zitashikana mbio namna gani. Mi nikauliza kama hesabu inaweza kusema pia nyama itaiva saa ngapi. Ulinipiga na kijiko. Lakini plastiki ilikauka saa ile ile ulisema, nikakubali umenishinda. Mara ya kwanza katika maisha yangu, bon.

Sasa sikia. Ile utepe tulikata katika plastiki yetu, bluu kwa hewa safi, manjano kwa gesi, tukaibandika kwenye jiwe kule Nyamyumba, katika kabonde ya njia ya maji ya moto, imegeuka manjano. Zamani ilikuwa hivyo asubuhi tu, wakati mazuku, ile hewa inayoua mbuzi bila kidonda, imelala chini. Upepo ya ziwa ikipanda, ikaifukuza, utepe inarudia bluu yake. Sasa hairudi. Mchana, manjano. Jioni, manjano.

Nikajiambia: ni jua imeiharibu. Nilitaka sana iwe jua! Lakini sauti yako ikaniuma sikio: "Kabla ya kusema gesi, toa jua." Donc nikatazama pacha yake, ile ulifungia ndani ya chupa ili jua iingie lakini gesi isiingie, jiwe ile ile, jua ile ile. Nikaiweka mbele ya tochi.

Bluu, Tonton. Bluu kama siku tuliipika.

Nikakimbia. Mama Zawadi alikuwa anakuja na wanawake, wanaenda kuchua magoti yao kwenye maji ya moto, watoto mbele. Nikapiga kelele: mazuku iko! Akacheka: "Fiston, si ni we uliogelea mpaka Goma ukarudi na mukate mukavu?" Wote wakacheka. Na kweli nilisema vile, Tonton. Nani ataamini mi?

Nikawasha taa ya mafuta, nikaifunga kwa kamba, nikaishusha kabondeni mbele yao. Ikazimika kama mutu amepuliza. Mama Zawadi akakamata watoto kwa nguo, akawarudisha.

Sasa wanapita njia ya juu. Lakini utepe itachoka, na mi najua kukoroga tu. Hesabu ulienda nayo. Nikikosea kipimo, nikabandika plastiki pumbavu, inabaki bluu na gesi iko, na watoto wanaona bluu, wanashuka…

Bon. Nimerudia shule. Nakaa na watoto wadogo, magoti inagonga meza. Mpaka nijue hesabu yako, kila asubuhi nitashusha taa kwanza. Na juu ya rangi sitadanganya mutu. Juu ya kuogelea, tutaona.

Jana nilishusha taa hata kando ya kaburi yako. Inawaka muzuri.

Lala, Tonton.

Fiston wako