Salma Binti Hamisi

Alhamisi

Binti Hamisi. Sheikh kaandika hivyo leo kwenye karatasi za ndoa ya Salma. Nikamwambia sheikh kuwa mtoto nimemlea mie tangu hajaota meno, na shuleni alitumia jina langu.

Akajibu kwa upole, "Malezi yana thawabu zake, mzee wangu. Ila mtoto huitwa kwa baba aliyemzaa, na huyo ndiye walii wa kumwozesha."

Hamisi huyo alimwacha mama yake Salma na mimba ya miezi mitano. Nasikia yuko Vingunguti, anauza ngozi.

Salma akaniuliza, "Baba, nani atakwenda kumwita?"

Nikasema mie. Shati nimeshapiga pasi. Akikataa ndoa itachelewa, na bado moyo wangu, Mungu anisamehe, unaomba akatae.