Ng'ombe wa Siku ya Baba

Iringa, 4 Mei 1957

Dada Damari,

Salamu zikufikie huko mlimani, wewe na Baba. Sisi tu wazima, ila baridi imetushika na Mwantumu anakohoa. Anakusalimu wewe wifi yake.

Umeuliza kazi yangu hasa ni nini. Chuo kikuu cha Kampala kimefungua nyumba hapa mjini, watu wa dini zote wakutane wazungumze mambo yao: shule, mahari, makaburi. Mimi natangaza mkutano, napanga viti, natuliza wanaotaka kushikana mashati, kisha nafagia. Mwezi uliopita tulifanya karamu. Wakristo kwa haraka zao wakachinja mbuzi kabla Waislamu hawajafika. Masheikh waliuliza nani kachinja, wakaambiwa ni Mkristo. Basi wakaaga kwa adabu wakarudi makwao, na masufuria yamejaa nyama. Sasa nimeweka utaratibu: Mwislamu achinje, Mkristo apike, wote wale. Karamu ya pili nilichinja mwenyewe, na watu walikula. Lakini kupatanisha watu kunachosha kuliko kulima, dada.

Mdogo wako,
Selemani

Mbeya, 25 Mei 1957

Mdogo wangu Anyitike,

Nisamehe, mkono wangu haujazoea jina lile jingine. Ndaga, asante kwa barua. Mimi mgongo tu, kuni na maji havina likizo. Baba miguu inavimba.

Nilimsomea barua yako. Unajua tangu uliposilimu ukamwoa Mwantumu hataki kusikia habari zako, na ulipokuja mara ya mwisho ulikula ndizi za kuchoma uani wakati sisi tunakula nyama ndani. Safari hii alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Huyo anayechinja ni yeye mwenyewe?" Nikasema ndiye. Jioni ndipo aliposema, "Siku nitakayoacha uzee wa kanisa, lile dume jekundu atachinja Anyitike. Nataka ale kwangu."

Wazee wenzake wamenuna. Wamemwambia hiyo ni siku ya kanisa, kisu cha Mwislamu kinatafuta nini? Akawajibu, "Ng'ombe ni wangu, na mtoto ni wangu."

Ni Jumapili ya mwisho ya Julai. Njoo, mdogo wangu. Usiniache peke yangu na wazee hawa.

Dada yako,
Damari

Iringa, 2 Julai 1957

Dada mpenzi,

Natumaini mgongo umepata nafuu. Barua yako niliisoma nimesimama, nikashindwa kuendelea, Mwantumu akanimalizia. Nililia, sikufichi.

Lakini Jumapili hiyo hiyo tuna mkutano mkubwa. Wageni wanatoka Kampala na Dar es Salaam kuona kama Nyumba hii ina faida au ifungwe. Nikiondoka hakuna wa kuushika. Mwambie Baba wachinje tu wao, wala sitakasirika. Nitakuja Agosti nile ndizi zangu, nimezoea.

Mdogo wako,
Selemani

Mbeya, 31 Julai 1957

Anyitike,

Tu wazima.

Nilimweleza Baba ulivyoandika. Akasema, "Atakuja tu. Anasema hivyo kwa kuwa anaogopa." Jumapili akavaa koti lake la kanisani, akafunga dume mwenyewe mbele ya nyumba, akaketi kwenye kiti akitazama njia. Kanisa likatoka, watu wakajaa. Mzee mwenzake Andendekisye akaja na kisu mara mbili, Baba akamrudisha mara mbili. Nilipika maharage na ndizi mpaka nyumba nzima ikajaa moshi, nikawapa wageni, na maneno waliyoyasema wakitafuna niliyasikia yote. Jua lilipoinama Baba akainuka, akafungua kamba, akamrudisha dume zizini. Alianguka mlangoni. Hajaumia sana.

Sina la kukulaumu, sina nguvu hizo.

Damari

Iringa, 20 Agosti 1957

Dada Damari,

Nimeanza barua hii mara nyingi nikaichana. Baba anaendeleaje?

Mkutano ulifana. Nyumba haitafungwa. Mgeni mmoja aliomba mtu asimame atoe mfano wa Mwislamu na Mkristo wanaopatana kweli, si maneno ya vitabuni. Watu wakaniangalia mimi. Nikasimama nikawasimulia habari ya Baba: mzee wa kanisa anayetaka mwanawe Mwislamu amchinjie ng'ombe ili wale pamoja. Ukumbi mzima ukapiga makofi. Wengine walifuta machozi, dada. Na saa ile ile Baba alikuwa kwenye kiti anatazama njia.

Walinipongeza mpaka jioni. Tulikula nyama niliyoichinja mwenyewe, sahani yangu nikamsukumia jirani. Sijui nitamtazamaje Baba usoni. Naona haya kuja, na naona haya kutokuja.

Selemani

Mbeya, 3 Septemba 1957

Mdogo wangu,

Nilimsomea Baba barua yako. Habari ya makofi niliiruka. Miguu haimbebi tena, analala karibu na moto, na chakula anakionja tu. Akauliza, "Huko kwenye mkutano walikula?" Nikasema walikula. "Nani alichinja?" Nikasema wewe. Akasema, "Basi mkono wake haujasahau kazi. Aje. Hotuba aziache huko huko."

Leo asubuhi nimemfunga dume karibu na dirisha ili Baba amwone. Wazee wamepita, wametikisa vichwa, waache watikise.

Hii ndiyo barua yangu ya mwisho. Nimechoka kuwa mdomo wa wanaume wawili. Mwenye kusema na mwenzake aje aseme naye.

Dada yako,
Damari

Iringa, 10 Septemba 1957

Wifi yangu Damari,

Pokea salamu zangu, na umpe Baba mkono wangu ingawa hatujaonana. Kikohozi kimepungua, alhamdulillahi.

Barua yako imefika leo mchana. Nimeifungua bila ruhusa, unisamehe, kwa kuwa mwenyewe hayupo. Ameondoka na basi la alfajiri, posta bado imefungwa. Hakujua kama anaitwa, wala kama atapokelewa. Jana nilimkuta uani ananoa kisu, nikamwuliza Nyumba ina karamu gani tena. Akanijibu, "Ya Baba."

Leo jioni wana mkutano. Wameshakuja kuuliza Selemani yuko wapi na viti atapanga nani. Nimewapa ufunguo, wavipange wenyewe.

Barua hii huenda ikafika yeye akiwa keshafika. Lakini basi likiharibika huko Rujewa, kama kawaida yake, akachelewa, nakuomba jambo moja tu, wifi yangu. Jua likiinama, msimfungue dume.

Wifi yako,
Mwantumu