Kaseti ya Upande wa Wanawake

Jumanne. Upepo wa vumbi tangu alfajiri, hata unga wa dukani una mchanga. Sina hasira, sina huzuni. Nimekaa tu.

Mama alipofariki mwaka jana, ndugu zangu waligawana mifugo kule Merti. Hesabu ya dini inajulikana, binti ni nusu ya kaka, hata mtoto wa madrasa anaipiga bila kalamu. Kwangu mimi nusu hiyo ilitoka ikiwa boksi la kaseti za video. Kaka yangu Guyo alisema mimi nina duka Isiolo, ng'ombe nitawaweka wapi. Duka nililoanza nikiuza sukari ya kupima kwa kikombe, na hakuna aliyenibebea hata gunia.

Sawa. Nikachukua boksi.

Humo nilitaka kaseti moja: arusi ya dada yetu Khadija, upande wa wanawake. Mama hakupenda kupigwa picha. Imebaki ile ya kitambulisho, amekunja uso kama mtu anayesubiri faini. Kwenye kaseti anacheza, kichwa wazi, anacheka. Nilitaka iingie kwenye diski kabla haijaoza.

Deki ya kusoma kaseti ninayoijua ni ya fundi Mutwiri, mtaa wa Bulla Pesa. Nilimweleza kwamba wanawake humo hawajajifunika, mwanamume asiangalie. Akaniambia nisiwe na wasiwasi. Ningeweza kukaa hapo mwenyewe, lakini kaseti ya masaa matatu inataka masaa matatu, haiharakishwi, na mimi nilikuwa na lori la kushusha.

Leo nimeenda kuichukua. Leso aliyofunikia skrini asiangalie ilikuwa bado hapo. Akaniwekea diski, yeye akageukia ukuta. Kwenye skrini wageni wa arusi wakaingia, wakavua viatu. Kisha chenga nyeupe. Chenga mpaka mwisho.

Sauti tu ndiyo imebaki.

Utepe ulikuwa na kuvu. Ulichubuka ukipita, uchafu ukaziba kichwa cha deki, na mashine ikaendelea kurekodi. Mtu anayeangalia angesimamisha, akasafisha. Sasa picha yenyewe ni unga mweusi ndani ya deki. Hakuna kurudia.

"Mama Amina, uliniambia nisiangalie," alisema, bado anatazama ukuta. "Sikuangalia."

"Najua."

Mimi ambaye kulaumu watu ni kama kazi yangu ya pili, leo nimekosa wa kulaumu.

Jioni nimefunga duka, nikaisikiliza yote. Mama anaulizia sahani. Anamfukuza mtu mlangoni. Wanaimba, halafu anacheka, na najua ni yeye kwa vile anavyovuta pumzi katikati ya kicheko. Sikulia. Nilipanga pakiti za majani chai.

Guyo akapiga simu. Amesikia kuna diski, anataka nakala, eti Mama ni wetu sote. Ng'ombe hawakuwa wetu sote. Jibu nilikuwa nalo, nimelinoa mwaka mzima. Badala yake nikamwuliza kama anakumbuka Mama alivyokuwa akicheka.

Akasema, kusema kweli, hapana. Kikohozi anakikumbuka.

Nikamwambia picha imeharibika, ni sauti peke yake.

"Itume hivyo hivyo, dada," akasema.

Alhamisi kuna pikapu ya Merti. Nitaituma. Mambo ya mifugo sijasamehe, nayo yana siku yake.