Kapasita Mbili Nyeupe

Mdogo wangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumai u mzima, na ule mgongo uliokuwa ukikusumbua kwa kuinamia udongo sasa umetulia. Mimi mwili mzima, roho ndiyo mgonjwa. Utaona mwandiko huu si wangu, na pengine umeshautambua. Nakuomba usiichane barua. Isome mpaka chini, kisha unihukumu mimi, si mkono ulioshika kalamu. Ningekuja mwenyewe, lakini uso umeumbwa na haya.

Unakumbuka uliponiomba nilipunguzie kasi gurudumu lako la kufinyangia, ukasema linakwenda kama limekimbizwa na mbwa. Nilipita dukani kwa rafiki yako, huyu tuliyembandika jina la Fyuzi tangu shuleni kwa hasira zake za karibu. Alinieleza vizuri kabisa. Alisema mota yako ni ya kapasita, kile kikopo cha umeme kinachoisaidia kuzunguka, na swichi ya feni haiifai. Feni husukuma upepo tu. Yako ina udongo wa kusukuma, na ukiibania umeme itanguruma, itachemka na kukosa nguvu. Alinishauri nifunge puli mbili za mkanda, ndogo kwenye mota na kubwa kwenye gurudumu, au nitafute mota ya brashi, ambayo hukubali kuongozwa kasi. Nikamcheka mbele ya watu. Nikamwambia nilianza kufunga mota yeye akiwa bado anauza pipi. Nikaja kukufungia swichi ya feni.

Ulipolalamika kwamba inanguruma na haitaki kuondoka, kuitoa ile swichi niliona ni kukubali kushindwa, nikaisingizia kapasita. Nikarudi kwa Fyuzi kununua mbili: ya kuendeshea kwa ajili yako, na ya kuwashia kwa pampu ya mteja mwingine. Alinionya nisizichanganye. Alisema ya kuwashia ni kama watu wanaosukuma gari lililogoma: likishawaka, wanaachia. Ukiwalazimisha wakimbie nalo safari nzima, utawazika njiani. Nikamjibu kwamba hayo nayajua. Na kweli nayajua.

Yaliyofuata uliyaona. Mlipuko, moshi, na ule mtungi wa maua uliokwisha kuufikisha shingoni ukaanguka kifudifudi. Papo hapo nikakwambia Fyuzi ameniuzia feki. Uliniamini kwa kuwa ni kaka yako. Ukawaambia wafinyanzi wenzako, nao wakahama duka lake. Nasikia siku hizi ukimwona njiani unavuka upande wa pili, nyie mliokuwa mkigawana hata kanga.

Mimi sikutosheka. Wiki iliyopita nililibeba lile gamba la kapasita lililopasuka, nikaenda kumfokea mbele ya wateja. Akaligeuzageuza, kisha akanirudishia na kuniomba niwasomee watu kilichoandikwa ubavuni. Nikasema sikuja kusoma. Akasisitiza. Nikalisogeza karibu, nikalipeleka mbali, nikaligeuza, kumbe nimeligeuza juu chini. Watu wakangoja. Nilitegemea Fyuzi alipuke kama kawaida yake. Alinitazama tu, akawaambia wateja anafunga kidogo, akanivutia kiti.

Mdogo wangu, sioni. Jicho la kulia lina ukungu mweupe, na la kushoto linamfuata mwenzake. Siku nyingi sasa kapasita nazitambua kwa rangi: nyeusi ni ya kuwashia, nyeupe ya kuendeshea. Siku ile zote mbili zilikuwa nyeupe, nikakufungia ya kuwashia. Hakukuwa na feki yoyote. Na baya zaidi ni hili: moshi ulipokuwa bado chumbani nilishahisi nimekosea. Ile nyingine ilikuwa mfukoni mwangu, na wewe ulikuwa umesimama pembeni yangu. Ningekuomba tu unisomee. Nikaona heri nimpake matope mtu asiye na hatia kuliko kukwambia nisomee. Mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nimeumbuka nikiwa hai.

Anayeandika ni Fyuzi. Nimemwomba yeye kwa sababu nilimchafulia jina mbele za watu, nikaona nilisafishe mbele yake, neno kwa neno. Kalamu imesimama mara moja tu. Aliniambia habari ya macho niiache, niseme tu kwamba niliteleza, inatosha. Nimemkatalia, na nimemwambia aliandike hilo pia.

Wasalimie watoto, na uwasalimie wafinyanzi wote. Ukiwasalimia, waambie mlaghai nilikuwa mimi.

Jumamosi tutakuja na puli mbili na mkanda. Yeye ndiye atakayesoma namba, mimi nitabeba mfuko. Ukisikia hodi, mfungulie yeye kwanza.

Sahihi nimeiweka mwenyewe. Kama imeangukia nje ya mstari, ni mkono wangu.

Kaka yako