Njia Tatu za Kwenda Futami

Kuwana, 3 Aprili 2023

Kaka Tadaomi,

Habari za huko Matsusaka? Natumaini mgongo umekuachia. Huku maua ya sakura yamepukutika yote kwa mvua ya juzi, na sisi hatujambo. Mama anakula vizuri, ila magoti ndiyo yanayomsumbua. Siku hizi hatoki bila mkongojo.

Nakuandikia barua kwa sababu kwenye simu mimi na wewe hatumalizi dakika tano bila kuzozana, na jambo hili sitaki liharibike. Mwezi ujao Mama anatimiza miaka themanini na minane. Nilimuuliza anataka nini. Sikuwa nimemaliza swali akajibu kwamba anataka kwenda Futami kuyaona yale majabali mawili ya baharini yaliyofungwa kamba, yanayoitwa mume na mke, mahali Baba alipompeleka walipooana. Kwenda na kurudi siku hiyo hiyo, na watoto wake wote wawili.

Nimepanga Jumapili tarehe 21 Mei. Tutapanda treni ya shirika la Kintetsu, ndiyo ya haraka, na wewe utaingilia hapo Matsusaka. Kama huna nafasi, sema mapema. Mama ameshazoea.

Mdogo wako,
Sumie

---

Matsusaka, 7 Aprili 2023

Mdogo wangu Sumie,

Salamu nyingi, na shikamoo yangu kwa Mama. Mgongo unalalamika asubuhi tu, mchana unasahau. Nafasi ninayo. Mwalimu wa jiografia aliyestaafu ana nini kingine zaidi ya nafasi?

Lakini Kintetsu, mdogo wangu, hapana. Ni ya haraka, sikatai, ila haifiki Futami. Itabidi tushuke kituo cha Iseshi, tumvushe Mama kutoka jukwaa hili hadi lile, tusubiri, ndipo tupande nyingine. Na magoti yale! Treni ya haraka ya shirika la JR inapita Kuwana, inapita kwangu, na inaingia mpaka Futami kwenyewe. Mama anaketi mara moja, anainuka mara moja. Nimekuandikia saa zote upande wa nyuma wa karatasi, za kwenda kwa kalamu nyekundu na za kurudi kwa ya buluu.

Mwambie Mama nitamletea wali wa boksi wenye nyama ya huku kwetu.

Kaka yako,
Tadaomi

---

Kuwana, 12 Aprili 2023

Kaka,

Natumaini u mzima. Sisi tupo.

Saa zako nimeziona. Hiyo treni yako ina mabehewa machache, na Jumapili inajaa mpaka mlangoni. Unataka Mama asimame akimshika mtu asiyemjua? Kwenye Kintetsu kila mtu ana kiti chenye namba yake. Nimeshaamua.

Na kwa kuwa umeanza tena na ratiba zako, acha niseme lililonikaa kooni. Siku Baba anakata roho pia ulikuwa na ratiba zako. Nilikupigia asubuhi. Kutoka Matsusaka hadi hapa haifiki saa nzima kwa treni ya haraka, nawe ulifika baada ya saa nne, Baba ameshafunikwa uso. Ukasema ulipanda treni ya polepole. Mtu anaitwa kwa baba yake anayekufa, anapanda treni ya polepole! Miaka saba sijakuuliza. Basi usinichagulie treni.

Sumie

---

Matsusaka, 1 Mei 2023

Mdogo wangu Sumie,

Nisamehe kwa kukaa kimya. Nimeianza barua hii mara nyingi na kuichana. Natumaini wewe na Mama mnaendelea vizuri. Huku mashamba ya mpunga yameshatiwa maji, na vyura hawanyamazi.

Siku ile sikupanda treni ya polepole. Nilipanda ya haraka kuliko zote, dakika kumi tu baada ya simu yako. Tulipofika kituo cha Tsu, miguu ikanishusha. Sijui niiseme vipi zaidi ya hivyo. Nikakaa kwenye benchi la jukwaani. Mtu aliyenibeba mabegani kwenda kutazama fataki, sikutaka kumwona amelala kitandani amekuwa mdogo kama mtoto. Nikajiambia nipumue kidogo, nitapanda inayofuata.

Palikuwa na mama mmoja anafagia jukwaa. Akaniuliza, "Mzee, unasubiri ipi?" Nikamwambia inayofuata. Aliporudi na ufagio wake akasema taratibu, "Na hiyo nayo imepita." Zilipita nne mbele yangu, Sumie. Ya tano yule mama alinishika kiwiko akanipandisha.

Wewe ulidhani nilikosea treni, nami nikakuacha udhani hivyo. Niliona afadhali nionekane mjinga wa ratiba kuliko mwoga.

Twendeni na Kintetsu. Au mwende bila mimi, ukiona ndivyo inavyofaa.

Kaka yako,
Tadaomi

---

Kuwana, 6 Mei 2023

Kaka yangu Tadaomi,

U hali gani? Nijibu kweli, si kwa mazoea. Barua yako niliisoma nimesimama jikoni, nikaisoma tena nimekaa, na mara ya tatu maji ya chai yakakauka birikani.

Nami nina langu. Baba alipokata roho, mimi sikuwa chumbani. Wote wanadhani nilikuwa nimemshika mkono. Nilikuwa ghorofa ya chini ya hospitali, kwenye mashine ya vinywaji, nimeshika kopo la kahawa ambayo sikuwa na hamu nayo. Nilisikia pumzi yake imebadilika, nikatoka. Uliponijia umechelewa, nikashukuru kupata wa kumfokea, maana niliyekuwa nikimkasirikia, yaani mimi mwenyewe, sikuweza kumfokea mbele ya watu.

Jana nilimsomea Mama barua yako, kisha nikamweleza na yangu. Nilikuwa nalia. Yeye akaendelea kumenya chungwa, akasema, "Mlikimbia wote wawili, najua. Mimi nilifurahi. Tangu mzaliwe sikuwahi kupata nusu saa ya kuwa na baba yenu bila kelele zenu." Kisha akanipa kipande cha chungwa. Kaka, nilicheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Sasa habari ya treni. Mama amezikataa zote mbili, yako na yangu. Anataka njia ya zamani, ya kuzungukia Kameyama, treni za kusimama kila kituo. Mwaka ule wa harusi treni ya kwenda Ise, upande huo wa Futami, ilipofika Kameyama ikabadili mwelekeo, ya nyuma ikawa mbele. Yeye, bibi harusi wa siku mbili, akaona inarudi ilikotoka. Akadhani anarudishwa kwao. Akamuuliza Baba kwa sauti ndogo, "Nimekosa nini?" Baba akacheka mpaka chai ikamwagika kwenye suruali yake mpya, na akafika Futami na doa. Mama anasema anataka kupita tena pale akiwa anajua.

Kubadili treni Kameyama na magoti yale, nitawezaje peke yangu?

Mdogo wako,
Sumie

---

Matsusaka, 10 Mei 2023

Mdogo wangu,

Hali yangu, kwa kweli na si kwa mazoea, ni nzuri. Jana nimelala kama gogo.

Hutakuwa peke yako. Sitawasubiri Matsusaka, nitakuja mpaka Kameyama niwapokee mlangoni mwa behewa. Jumanne nilikwenda kukagua. Choo ni kisafi, na nafasi ya kubadili treni inatosha hata kwa Mama akisimama kusalimiana na kila mtu, jambo ambalo atalifanya. Mpande behewa la pili, mkae upande wa kulia.

Njia hii, nikikuambia ukweli, ndiyo mbaya kuliko zote kwenye ratiba. Lakini sijawahi kupenda njia yoyote kama ninavyoipenda hii.

Lete mayai yako ya kukunja, yale matamu.

Kaka yako,
Tadaomi

---

Kuwana, 22 Mei 2023

Kaka Tadaomi,

Umeamkaje? Miguu yangu imevimba na pua imeungua na jua, lakini sijambo kuliko nilivyokuwa mwaka mzima.

Mama hajaacha kusimulia habari zako. Anasema mlango ulipofunguka Kameyama akaona kizee kimefunga tai, akataka kukipisha kipite, kumbe ni mwanawe. Mkuu wa kituo alimwambia ulikuwa hapo saa nzima na nusu kabla yetu. Na treni ya pili ilipoanza kurudi upande tulikotoka, Mama akakupigapiga goti akasema, "Safari hii sijakosa kitu," sikuweza kukutazama, ndiyo maana nilijifanya natafuta vijiti vya kulia.

Majabali yale yeye anaona yamepungua ukubwa. Mimi naona siku ile ya kwanza hakuwa akiyatazama majabali, alikuwa akimtazama Baba.

Sasa nikueleze yaliyotupata uliposhuka Matsusaka jioni. Treni yako ya haraka ya JR, nakiri, ilikuwa na viti, na vilikuwa laini mno. Nililala. Nilipofumbua macho, watu wote wanashuka, na tuko Nagoya, mwisho wa njia. Kuwana ilishapita zamani. Nikaanza kumwomba Mama radhi, na yeye ananusa hewa ya jukwaani kama paka. Kuna kile kibanda cha tambi pana, watu wanakula wamesimama. Kaka, Mama wa miaka themanini na minane alitundika mkongojo wake kwenye meza, akamaliza bakuli zima pamoja na mchuzi, akiwa katikati ya vijana wawili waliomsogezea pilipili. Tulirudi nyumbani tukicheka njia nzima.

Nimemwambia naandika, anataka kalamu. Nampa.

Mdogo wako,
Sumie

Tadaomi, mdogo wako anasema tulipitiliza kwa usingizi. Alilala yeye. Mimi niliiona Kuwana inakuja, nikaiona inapita, nikanyamaza.

Mama yenu