Chai Aliyoipika Ilyasi

Mbinga, Jumatano

Dada Kauthar,

Shikamoo. Dagaa wako wa Ngumbo wamefika, nawala na mboga. Ugali nimeacha, na sukari pia, kama daktari alivyoagiza. Shemeji yako Ilyasi anaona aibu: mke wa mwenye duka anywe chai isiyo na sukari, wateja watasemaje? Mtu mzima na kitambi chake, anawaogopa wanunuzi wa sabuni.

Hata hivyo kila asubuhi alinipikia chai ya mdalasini mwenyewe. Nikamwona mwema. Miezi miwili nimejinyima, kipimo cha sukari hakishuki, na jicho la kulia limeingia ukungu.

Juzi alikwenda Songea kuchukua mzigo, nikapika chai mwenyewe. Ilikuwa chungu, dada. Ndipo nikajua kwamba utamu wa ile yake haukuwa wa mdalasini.

Aliporudi nikamuuliza.

"Kijiko kimoja tu," akasema. "Nilikuonea huruma."

"Na jicho langu?"

Akacheka, akaenda kufungua duka.

Sikulia. Mtu wa namna ile haliliwi. Jumamosi nakuja kwako, sirudi. Mama akiuliza, mwambie wewe. Mimi naona haya kwamba niliwahi kumsifia Ilyasi kwake.

Mdogo wako,
Mwanabibi