Siku Shangazi Alipopiga Magoti Mara Mbili

Jumapili, saa kumi alasiri, hapa Bwera mpakani. Mawingu yamefunika mlima tangu tutoke kanisani. Mvua haiji wala haiondoki. Mapaja yananitetemeka mpaka simu ninayoandikia inaruka mkononi. Nitasema kwa nini, lakini mwishoni, kwa sababu ni aibu, na mimi si mtu wa kuanza na aibu.

Naanza na sifa. Naitwa Kule, mwenye jimu.

Jimu yenyewe iko nyuma ya nyumba yetu. Sekondari niliiacha mwaka wa pili, lakini baba alifanya kazi kiwanda cha saruji, kwa hiyo saruji naijua kuliko mwalimu alivyojua hesabu. Nilimimina kwenye makopo ya rangi, nikachomeka bomba la chuma katikati, tayari, vyuma hivyo. Vijana wanatoka mpaka Nyakiyumbu kuja kunyanyua. Kifua changu umekiona kwenye picha, usijifanye. Na ukutani niliandika kwa mkaa, herufi kubwa: WANAUME TU.

Shajara, leo nataka kuandika juu ya miguu ya mwanamke. Usicheke.

Shangazi Masika, dada yake baba, anauza bundu na samaki soko la Mpondwe. Bundu ni ugali wetu wa muhogo, na kusonga sufuria ya kushibisha wapagazi wa mpakani si kazi ya mtu mlegevu. Ukimtazama juu ni mwanamke wa kawaida, shingo nzuri, mabega ya kiasi. Kuanzia kiunoni kushuka ni kama mtu mwingine. Mapaja makubwa, magoti yamezama, miguu imenenepa mpaka kwenye kifundo, halafu inakatika ghafla kama iliyofungwa kamba. Chini kabisa, nyayo ndogo za msichana. Akigonga meza kidogo tu, kesho yake damu imevilia hapo, nyeusi. Watu walisema ni matende. Wengine walisema amerogwa. Mimi nilisema anakula sana.

Nilisema hivyo nikiwa nakula bundu yake.

Mwanzo wa mwaka huu walikuja watu kutoka Munkunyu kumposa Biira, binti yake wa pekee. Kwetu mama wa binti hupokea wageni kwa magoti. Shangazi akaja na kikapu cha karanga, akapiga magoti vizuri, akasalimu vizuri. Kuinuka kukakataa. Akajaribu mara ya kwanza. Akajaribu tena. Wageni wakaanza kutazama viatu vyao. Kukawa kimya kabisa, na ndani ya kimya hicho mtu mmoja akapaza sauti: "Leteni jeki!"

Turubai zima likacheka.

Mtu huyo alikuwa mimi.

Vijana wawili walimvuta akasimama. Akaingia jikoni, akaosha sahani mpaka wageni wakaondoka, hata zile zilizokuwa safi.

Baadaye ukoo ukakaa. Wakaamua kwamba siku ya kumtoa Biira, Mama Kabugho, mke wa baba mdogo, ndiye atakayepiga magoti, na Shangazi atabaki kwenye masufuria. Au kama anataka sana kuonekana, apewe kiti. Shangazi akasikiliza mpaka mwisho. "Mutoto ni wangu," akasema. "Nilimuzaa mimi, nitamutoa mimi. Kiti mukalie nyinyi."

Jumatatu yake nikamwona amesimama mlangoni pa jimu. Akasoma ukuta. Akatutazama mmoja mmoja, vijana sita wenye vifua wazi.

"Wanaume beko wapi?"

Akaingia.

"Kule, nataka kuinuka toka chini bila mukono ya mutu. Nifundishe."

Nilisubiri aseme habari ya jeki. Hakusema. Hiyo ilinichoma kuliko kama angesema, basi nikajificha kwenye majigambo kama kawaida yangu. "Shangazi, kupiga magoti na kuinuka, kazi gani hiyo? Mimi naweza mara hamsini."

"Na kilo zako," akasema. "Siku moja utafanya na zangu."

Nikacheka.

Sasa sikia ujinga wangu, maana shajara ni mahali pa kusema kweli. Nilimkataza chakula. Papai na maji, basi, halafu apande mlima akikimbia kila alfajiri. Alifanya yote bila kulalamika. Baada ya majuma mawili mashavu yamebonyea, mikono imekuwa vijiti, na miguu iko vilevile, tena imejaa madoa ya damu. Asubuhi moja alikaa chini katikati ya mlima, akaniambia kwa upole, "Mutoto wangu, unaniua."

Biira akampeleka hospitali Kasese. Nilienda nao kubeba mfuko. Uongo. Nilienda kujitetea.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alikuwa mama mfupi wa sauti ndogo, lakini mkali kuliko afande wa kizuizi cha barabarani. "Nani alimwambia akimbie mlima na njaa?" Nikatazama dirishani, kulikuwa na kunguru.

Akatuambia jina la miguu ile: lipedema. Mafuta yale ni ugonjwa, yanawapata zaidi wanawake, mara nyingi yako katika ukoo, na hayana habari na ulafi. Ukimnyima chakula, njaa itakula uso na mikono, miguu itabaki inamuuma. "Lakini chini ya mafuta kuna misuli," akasema. "Hiyo inasikia mazoezi."

Akamwambia Shangazi anyooshe mguu mbele, akaubonyeza kwa mikono miwili. Haukushuka. Akanigeukia. "Wewe mwenye kifua, jaribu." Nikaushika juu ya goti, taratibu kama alivyonionyesha, nikabonyeza. Nikabonyeza zaidi. Jasho likanitoka. Shangazi alikuwa anatazama dari kama mtu anayengoja chai.

"Nguvu anayo," yule mama akasema. "Ila mzigo anaoinuka nao kutoka chini ni mkubwa kuliko wa kila mtu humu. Mwanzishe juu, umshushe polepole. Akisikia maumivu makali, pumzika. Na ale."

Basi tukaanza na kiti. Mikono kifuani, simama, kaa, simama. Mara nne pumzi imekwisha. Alipoweza kumi, tukashuka kwenye benchi. Kutoka benchi tukashuka kwenye jerikeni iliyojaa maji, na hapo tulikaa sana, maana alikuwa akifika nusu anarudi chini puu, na jerikeni inalia. Kutoka jerikeni, kigoda. Kutoka kigoda, mkeka.

Alikuja kila Jumatatu na Alhamisi kabla ya soko, bendeji za kubana zimezungushwa kwenye miguu, kopo langu la saruji amelikumbatia kama mjukuu. Vijana walianza kwa kucheka. Baadaye wakawa wanamhesabia. Mwishoni, mtu akichelewa kumhesabia Shangazi anagombezwa na wenzake. Sijawahi kuona mtu anafanya kazi vile. Mimi nikishindwa chuma nasema chuma kibaya. Yeye akishindwa anakaa, anapangusa uso, anasema "tena."

Lakini mkeka haukuwa rafiki. Leo anaweza, kesho hawezi. Alhamisi iliyopita alijaribu mara tatu, akashindwa zote tatu. Akakunja mkeka, akaenda soko.

Na jana ilikuwa ndiyo siku.

Wageni wamejaa chini ya turubai, mbuzi wao wa mahari wanalia nyuma ya nyumba. Mama Kabugho alisimama karibu na mlango na gomesi mpya, lile vazi refu la sherehe, kikapu chake tayari, maana ukoo ulimruhusu Shangazi ajaribu, lakini ulikuwa bado unamngoja ashindwe. Mimi nilishika nguzo ya turubai.

Shangazi akatoka. Gomesi ya kijani, mkanda umekazwa, nyayo zile ndogo peku. Akapiga magoti. Akasalimu, akatoa kikapu, akaitikiwa. Halafu akaleta mguu wa kulia mbele, kama tulivyozoea.

Akajisukuma. Akafika nusu.

Akakwama pale nusu, hapandi hashuki. Goti likaanza kutikisika ndani ya gomesi. Nikaachia nguzo, nikapiga hatua moja kumkimbilia. Akanitupia jicho. Jicho tu. Nikarudi kwenye nguzo yangu kama mbwa aliyefokewa.

Nikamwona anavuta pumzi.

Akainuka. Peke yake, mpaka juu, mgongo umenyooka, uso hauna habari na mtu. Vigelegele vikapasuka, vya kwanza vikitoka upande wa Munkunyu! Biira alikuwa analia mpaka rangi ya macho inashuka. Mimi sikulia. Moshi wa jikoni ulikuwa mwingi.

Nilidhani ataenda kukaa sasa, amemaliza. Lakini nyanya yake bwana harusi alikuwa amechelewa, ndiyo kwanza anashushwa kwenye gari. Shangazi akamwendea Mama Kabugho, akachukua kile kikapu mkononi mwake kwa adabu kabisa, akasema, "Asante kunishikia." Akaenda akapiga magoti tena.

Na akainuka tena. Hiyo ya pili mimi sikumfundisha.

Sasa aibu yangu. Leo baada ya kanisa amekuja jimu, vijana wote wapo, amekaa juu ya jerikeni yake kama chifu. "Kule," akasema, "leta kilo zangu."

Nikaleta mfuko mmoja wa saruji. Kilo hamsini, hata hazifikii zake zote. Wakaniwekea mabegani. Nikapiga magoti kwa madaha, nikaleta mguu wa kulia mbele, nikatabasamu kwa ajili ya simu zao, nikajisukuma.

Hakuna kitu.

Nikajaribu tena. Mapaja yakawaka moto, tabasamu likaondoka, mshipa ukasimama shingoni. Nilifika nusu, pale pale alipofika yeye jana, nikakaa hapo nikitikisika, nikajua sasa alikuwa ameona nini kutoka pale. Nikarudi chini. Kukawa kimya kabisa. Na ndani ya kimya hicho, kutoka juu ya jerikeni, ikaja sauti tamu kama ya kwaya:

"Leteni jeki."

Miezi yote hiyo alikuwa ameliweka neno langu.

Vijana walianguka chini kwa kicheko. Mimi pia nilicheka, ningefanya nini, nimepiga magoti na saruji mabegani. Kisha nikamwomba msamaha, pale pale chini, kwa sauti ya kusikiwa na wote. Akainuka kwenye jerikeni bila kushika kitu, akanipa mkono, akanivuta juu na mfuko wangu.

Ukutani nimefuta mkaa. Biira ameniambia wako mama watatu sokoni, wenye miguu kama ya mama yake, wanauliza jimu iko wapi.

Kesho naanza na kiti.